Hewa ya Kupumua Ndani ya Ndege za Abiria: Chanzo Chake, Mzunguko Wake na Hatari Zake

1. Utangulizi

Msafiri anayepanda ndege kutoka Kinshasa kwenda Lubumbashi hufungiwa mlango, kisha hukaa saa mbili na zaidi pamoja na watu wengine wengi katika chumba kisicho na dirisha la kufunguliwa. Si ajabu basi kwamba mawazo mawili yameenea miongoni mwa wasafiri. Wazo la kwanza ni kwamba ndege ni kama chupa iliyozibwa: hewa iliyokuwamo wakati wa kufunga mlango ndiyo hiyo hiyo inayopumuliwa na wote mpaka kutua. Wazo la pili ni kwamba huko juu oksijeni imekwisha, hivyo ndege hubeba akiba yake katika mitungi na kuwagawia abiria kidogo kidogo.

Mawazo yote mawili yana kasoro. Makala haya yanakusudia kueleza hewa ya ndani ya ndege inatoka wapi, inapita wapi na inakwenda wapi. Hoja yake kuu ni moja: kinachopungua huko juu si fungu la oksijeni katika hewa, bali ni nguvu inayoisukuma oksijeni hiyo iingie mwilini. Kwa hiyo kazi ya ndege si kubeba hewa. Ni kuichukua ile ya nje, kuigandamiza, kuipoza, kuisambaza na kuiachia itoke tena, bila kukoma tangu kuondoka hadi kutua.

Jambo hili ni la wahandisi, lakini linawahusu pia watu wa lugha. Kabla ya kila safari abiria husomewa maagizo ya usalama, mara nyingi kwa haraka, na kwa lugha ambazo baadhi yao hawazielewi vyema. Zaidi ya hayo, maagizo hutolewa bila sababu zake. Mtu aliyeambiwa afanye nini bila kuelezwa kwa nini ni mwepesi wa kusahau saa ya hatari inapofika.

2. Maneno matatu ya kutenganisha

Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Lubumbashi, neno «mupepo» hubeba maana mbili: kitu kinachopumuliwa na kitu kinachovuma. Katika Kiswahili sanifu maana hizo hutenganishwa. «Hewa» ni kitu chenyewe, ambacho kipo hata kama hakitikisiki. «Upepo» ni hewa iliyo katika mwendo. Tofauti hiyo inafaa hapa, kwa sababu ndege huhitaji vyote viwili: hewa ya kutosha, na mwendo wa kuiondoa iliyokwisha kutumika.

Neno la tatu ni geni zaidi kwa wengi: «kanieneo». Limeundwa kwa kuunganisha «kani», yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, na «eneo». Maana yake inaonekana katika umbo lake: ni kani inayobana juu ya eneo fulani. Hewa, ingawa haionekani, ina uzito, na uzito huo hubana kila kitu kilicho chini yake. Kwenye usawa wa bahari kanieneo ya hewa hufikia takriban hektopaskali 1,013. Lubumbashi, ulio kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, una hewa chache zaidi juu yake, hivyo kanieneo yake ni takriban hektopaskali 880. Kadiri mtu anavyopanda ndivyo kanieneo inavyoshuka.

3. Hali ilivyo nje ya ndege

Ndege nyingi za abiria zenye injini za jeti husafiri kwenye kimo cha kati ya mita 10,000 na 12,000. Kwenye mita 11,000 halijoto ya nje ni nyuzi 56 hivi chini ya sifuri, na kanieneo ni hektopaskali 226 tu, yaani chini ya robo ya ile ya pwani. Hata hivyo, mchanganyiko wa hewa haujabadilika. Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, takriban 78 ni nitrojeni na 21 ni oksijeni, kama ilivyo sokoni Kisangani au kando ya ziwa Bukavu.

Kwa nini basi mtu hawezi kuishi kwa hewa hiyo? Kwa sababu mapafu hayavuti oksijeni kwa hiari yake. Oksijeni hupenya kutoka kwenye mapafu kuingia katika damu kwa kusukumwa, na kinachoisukuma ni kanieneo. Kanieneo ikishuka mno, oksijeni huwapo puani lakini haifiki kwenye ubongo. Kwenye kimo cha mita 10,700, mtu ambaye hana msaada wowote hubakiwa na nusu dakika hadi dakika moja ya kuweza kutenda jambo la maana. Baada ya hapo anaweza kuwa bado macho yake yako wazi, lakini akili yake haimtumikii tena.

Suluhisho linaeleweka kutokana na tatizo lenyewe. Haihitajiki kuongeza oksijeni katika hewa ya nje. Inatosha kuigandamiza hewa hiyo mpaka irudishiwe nguvu yake.

4. Kutoka kwenye injini hadi kwenye dari

Ndani ya injini ya jeti, kabla ya mahali mafuta yanapochomwa, kuna kompresa: safu za mapanga yanayozunguka kwa kasi na kuisukuma hewa iingie katika nafasi inayozidi kuwa finyu. Injini huhitaji hewa iliyobanwa hivyo ili mafuta yawake vizuri. Katika ndege nyingi, sehemu ndogo ya hewa hiyo hutolewa kando kwa ajili ya abiria. Ieleweke kwamba hutolewa kabla ya kufika kwenye mafuta na moto. Si moshi wa injini.

Hewa hiyo ina kanieneo ya kutosha, lakini ina joto kali linaloweza kuzidi nyuzi 200. Kila aliyejaza tairi la baiskeli anaijua sababu: bomba la kujazia hupata joto, kwa kuwa hewa inayobanwa hupata moto. Kinyume chake, anayeifungua vali ya tairi hilo huhisi ubaridi kwenye kidole, kwa kuwa hewa inayotanuka hupoa. Mitambo ya ndege hutumia kanuni hizo hizo mbili.

Kwanza hewa hupitishwa kwenye kipoza joto kilicho karibu na injini. Katika ndege nyingi za safari ndefu hupita pia kwenye kifaa cha kuvunja ozoni, gesi iliyo nyingi katika tabaka za juu na inayowasha koo na mapafu. Kisha hufika kwenye mitambo ya kupozea, ambayo kwa kawaida huwa miwili na hukaa chini ya sakafu karibu na mabawa. Humo hewa hupozwa kwa hewa baridi ya nje bila kuchanganywa nayo, hubanwa tena, hupozwa tena, kisha huachiwa itanuke ndani ya turbini. Inapotanuka huzungusha turbini hiyo na kupoteza joto lake kwa ghafla, hata ikakaribia baridi ya barafu. Maji yaliyomo hutengwa, na baadaye hewa moto kiasi huongezwa ili kila sehemu ya ndege ipate halijoto inayotakiwa.

Abiria anayekaa ndegeni Kinshasa wakati wa mvua huweza kuiona kazi hiyo kwa macho. Mara nyingine ukungu mweupe humwagika kutoka kwenye dari kabla ya kuruka, na wasiojua hudhani ni moshi. Huo ni mvuke wa hewa ya mjini uliokutana na hewa baridi ya mitambo, na hutoweka baada ya muda mfupi.

Ndege iliyoegeshwa, ambayo injini zake kubwa zimezimwa, hupata hewa kwa injini ndogo iliyo mkiani au kwa mtambo wa kiwanja cha ndege. Vyote viwili vikikosekana hewa husimama, na jambo hilo lina uzito wake, kama itakavyoonekana.

5. Mzunguko ndani ya chumba

Hewa mpya hukutana na hewa iliyorudishwa kutoka chumbani, kwa kawaida nusu kwa nusu. Zamani ndege za jeti zilitumia hewa ya nje peke yake. Urudishaji ulienea baadaye, kwa kuwa kila kilo ya hewa inayotolewa kwenye injini hugharimu mafuta. Hewa inayorudishwa hupitishwa, katika ndege nyingi kubwa za kisasa, kwenye vichujio vya aina ya HEPA, vinavyonasa asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikroni 0.3, zikiwamo bakteria na matone madogo yanayobeba virusi. Vichujio hivyo havinasi gesi wala harufu. Hizo huondolewa na hewa mpya.

Mchanganyiko huo huingia kwa juu, karibu na dari, hushuka kandokando ya viti na kutoka karibu na sakafu katika sehemu ile ile. Wahandisi waliupanga hivyo ili hewa isisafiri kutoka mbele hadi nyuma ikimpitia kila mtu. Hewa yote ya chumba hubadilishwa kati ya mara 20 na 30 kwa saa, yaani kila baada ya dakika mbili au tatu.

Kanuni za Marekani za usanifu wa ndege kubwa hudai kila mtu aweze kupata angalau robo kilo ya hewa mpya kwa dakika. Kwa kanieneo ya chumbani hiyo ni lita 280 hivi, wakati mtu aliyetulia huvuta lita 6 hadi 8 tu. Tofauti hiyo kubwa inafundisha jambo: hewa mpya haihitajiwi sana kwa ajili ya oksijeni, ambayo mwili hutumia kidogo. Inahitajiwa zaidi ili kuondoa kabonidioksidi, joto na harufu ya watu waliokusanyika.

Je, mzunguko huo huzuia maambukizo? Matukio mawili yanasaidia kujibu. Mwaka 1977 huko Alaska ndege iliyoharibika ilikaa kiwanjani kwa saa kadhaa ikiwa na watu 54, mmoja wao akiwa na mafua makali, na mfumo wa hewa ukiwa umezimwa. Katika siku tatu zilizofuata, takriban asilimia 72 ya abiria waliugua. Mwezi Machi 2003, katika ndege iliyotoka Hong Kong kwenda Beijing, mgonjwa mmoja wa SARS alifuatiwa na wagonjwa wapya wapatao 20 miongoni mwa wasafiri wenzake, na baadhi yao walikuwa wameketi safu kadhaa mbali naye. Tukio la kwanza linaonyesha hatari ya hewa iliyosimama. La pili linaonyesha kwamba hata hewa inayozunguka ina mpaka wake: kichujio husafisha hewa inayofika kwenye kichujio, si ile iliyo kati ya anayekohoa na jirani yake.

6. Mlango wa kutokea: vali ya nyuma

Mpaka hapa imeelezwa hewa inavyoingia. Lakini kama ingeingia tu bila kutoka, ndege ingepasuka. Sehemu ya nyuma ya mwili wa ndege kuna vali inayofunguka na kujifinya yenyewe kwa kuongozwa na mitambo. Vali ikifunguka zaidi, hewa hutoka kwa wingi na kanieneo ya ndani hushuka. Ikijifinya, kanieneo hupanda. Kwa hiyo kanieneo ya chumbani hutawaliwa hasa kwa kupima hewa inayotoka. Ndege inafanana na pafu kuliko chupa.

Kanieneo ya chumbani hailingani na ile ya pwani. Kanuni huruhusu, katika safari ya kawaida, ishuke mpaka kiwango cha mwinuko wa futi 8,000, ambao ni mita 2,438. Abiria aliye angani basi huweza kupumua kama mtu aliye juu kidogo ya Addis Ababa, mji ulio kwenye mita 2,300 na kitu. Kwa mwenye afya njema hilo ni jambo dogo: oksijeni katika damu hupungua kidogo, uchovu huongezeka. Gesi iliyofungiwa hutanuka kwa theluthi moja hivi, na ndiyo sababu masikio huziba na tumbo hujaa. Chupa ya maji iliyofungwa huko juu hutua ikiwa imebonyea. Lakini kwa mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu au wa selimundu, upungufu huo mdogo waweza kuwa na madhara, na inampasa kumwona daktari kabla ya safari.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kanieneo ya pwani isidumishwe. Jibu liko katika bati la ndege. Hata kwa kiwango cha mita 2,438, kwenye kimo cha mita 11,000 kila mita mraba ya ukuta husukumwa kutoka ndani kwa nguvu sawa na uzito wa tani zaidi ya 5. Mwili wa ndege huvimba kidogo kila safari na kunywea tena kila inapotua.

Gharama ya kutolielewa vyema jambo hilo ilionekana mapema. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya Comet ya Uingereza ilianza safari ya kwanza ya abiria kwa jeti, kutoka London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe nchini Uganda. Mwaka 1954, mwezi Januari na mwezi Aprili, Comet mbili zilivunjika angani karibu na Italia, na watu 56 wakafa. Wachunguzi waliutumbukiza mwili wa Comet nyingine katika tangi kubwa la maji huko Farnborough, wakaujaza na kuupunguza kanieneo mara nyingi kana kwamba unaruka na kutua. Baada ya mizunguko ipatayo 3,000, ukihesabu na safari zake za kweli, ulipasuka. Chuma kilikuwa kimechoka kwa kuvimba na kunywea, na ufa ulianzia kandokando ya matundu yaliyokatwa mwilini. Ndege zilizofuata zilisanifiwa kwa kuzingatia somo hilo.

7. Kanieneo inapokosekana

Tarehe 14 Agosti 2005, Boeing 737 ya shirika la Helios iliondoka Larnaca, Kupro, kuelekea Athens na Prague. Kabla ya safari, mafundi walikuwa wamepima uvujaji wa hewa, na swichi inayotawala kanieneo ikaachwa katika hali ya kuongozwa kwa mkono. Marubani hawakuligundua hilo. Ndege ilipopanda, vali ya nyuma ilibaki wazi kiasi na hewa ikaendelea kutoka. Honi ya tahadhari ililia, lakini sauti yake ilikuwa ile ile inayotumika kuonya juu ya mpangilio mbaya wa ndege kabla ya kuruka, nao marubani wakaifasiri hivyo. Walipokuwa wakijaribu kulitatua tatizo ambalo halikuwapo, ubongo wao ulikuwa ukikosa oksijeni. Ndege iliendelea kujiongoza yenyewe, ikazunguka karibu na Athens mpaka mafuta yakaisha, ikaanguka. Watu wote 121 walikufa.

Ukali wa ajali hiyo ni kwamba injini hazikuharibika na bati halikupasuka. Hewa ilikuwa ikiingia kama kawaida. Ilitoka kupita kiasi. Isitoshe, ukosefu wa oksijeni hauumi. Anayezama hujua kwamba anazama, lakini anayekosa oksijeni huweza kujihisi mzima, hata mchangamfu, wakati uwezo wake wa kuamua umekwisha.

Hapa ndipo wazo la pili la wasafiri linapopata chembe ya ukweli. Ndege hubeba oksijeni kwa ajili ya abiria, lakini kwa dharura tu. Kanieneo ya chumbani ikishuka hadi kiwango cha mwinuko wa mita 4,300 hivi, barakoa hudondoka zenyewe kutoka juu ya viti. Katika ndege nyingi oksijeni hiyo hutengenezwa papo hapo na kemikali zinazoamshwa abiria anapoivuta barakoa kwake, na hudumu dakika 12 hadi 15 au zaidi kidogo. Muda huo ni mfupi kwa makusudi: unatosha rubani kuishusha ndege haraka hadi mita 3,000 hivi, ambako hewa ya nje yenyewe huwatosha watu.

8. Yale ambayo hayajakamilika

Mfumo huu una kasoro zake. Hewa ya nje kwenye kimo cha safari haina unyevu karibu wowote, hivyo unyevu wa chumbani mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Macho na koo hukauka. Aidha, kwa kuwa hewa hupitia kwenye injini, lakiri ya mafuta ya kulainishia ikichakaa mvuke wake waweza kuingia chumbani. Matukio ya namna hiyo yameripotiwa na marubani na wahudumu. Kuhusu madhara yake ya muda mrefu kwa afya, wataalamu hawajaafikiana.

Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, ilichukua njia nyingine. Hewa yake haitolewi kwenye injini. Huvutwa moja kwa moja kutoka nje na kubanwa kwa kompresa za umeme. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili wake si ya bati bali ya nyuzi za kaboni, ambazo huvumilia zaidi kule kuvimba na kunywea, kanieneo ya chumbani huwekwa kwenye kiwango cha mita 1,830, karibu zaidi na kile ambacho watu wa Bukavu wamekizoea.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba ndege si chupa iliyozibwa, wala si ghala la oksijeni. Ni chombo kinachopumua: huvuta hewa nyembamba ya nje, huipa nguvu, huipitisha kwa abiria kwa dakika chache na kuitoa. Usalama wake umo katika uwiano wa kinachoingia na kinachotoka.

Imeonekana pia kwamba maelezo hayo yaweza kutolewa kwa Kiswahili kwa maneno ambayo yapo tayari, kwa sharti kwamba hewa, upepo na kanieneo visichanganywe. Manufaa yake si ya darasani tu. Abiria huagizwa avae barakoa yake kabla ya kumsaidia mwingine, na mzazi yeyote huliona agizo hilo kuwa kinyume cha maumbile: nani atajishughulikia kwanza, mtoto wake akiwa anahangaika? Agizo hilo huanza kukubalika linapofuatana na sababu yake, ambayo huhitaji sentensi moja tu: vaa yako kwanza, kwani baada ya nusu dakika huenda mikono yako isiweze tena kumvika mtoto wako.